Kutu ya Upande wa Kushoto

Gari la baba yangu lilikuwa jeupe, lakini hakuna mtu aliyewahi kuliona likiwa jeupe lote. Tangu nipate akili lilikuwa na mabaka mekundu: juu ya gurudumu la nyuma la kushoto, chini ya mlango wa upande huo huo, na kwenye kona ya buti. Wekundu huo ulikuwa rangi ya kuzuia kutu, ile ambayo mafundi wa Kitengela hupaka mageti kabla ya kupaka rangi yenyewe. Rangi yenyewe, kwetu, haikufika. Baba aliona kwamba kutu ikishazibwa mdomo, urembo ni shauri la watu wenye nafasi. Majirani wetu Wamaasai, ambao wana jina kwa kila rangi ya ng'ombe, walilipa gari letu jina la ng'ombe mweupe mwenye mabaka mekundu. Likiingia mtaani, watoto wao walilipigia mluzi. Mimi nilijikunyata kwenye kiti kwa aibu. Sasa hivi ningetoa chochote nisikie mluzi ule.

Kila mwaka, kabla ya mvua ya mwezi wa nne, kulikuwa na Jumamosi ya kutu. Haikuandikwa popote, ila wote nyumbani tuliijua, na hakuna aliyethubutu kupanga safari siku hiyo. Baba alivaa ovaroli yake ya zamani ya kiwanda cha simenti, akapiga magoti kando ya gari, akaanza kulipapasa. Hakuamini macho. Alisema kutu huanza kusikika kwenye vidole kabla haijaonekana, na kweli, alipitisha kidole mahali ambapo mimi niliona rangi nzima kabisa, akasimama, akabonyeza, na rangi ikapasuka kama lengelenge. Ndani kulikuwa na unga wa kahawia.

"Imerudi," alisema kila mara, bila kushangaa hata kidogo.

Halafu kazi ikaanza. Brashi ya waya kwanza, mpaka bati liwe linang'aa. Msasa mkavu. Kitambaa chenye petroli kidogo cha kufutia vumbi, na ole wako uguse tena kwa mkono wenye jasho. Rangi nyekundu, ikauke, ipakwe tena. Penye tundu, Baba alikata kipande cha debe la mafuta ya kupikia, akakipigilia kwa riveti, akaziba ukingoni kwa lami aliyoiyeyusha kwenye mkebe. Lami hiyo aliiokota barabarani mahali walipokuwa wakikarabati. Mama alisema ipo siku serikali itakuja kudai barabara yake.

Mwisho ilikuja oili chafu. Gereji zote za Kitengela zilikuwa zinaimwaga, nasi tuliiomba bure. Baba aliipasha moto jikoni kwa Mama, jambo ambalo lilileta maneno kila mwaka, kisha akaipaka chini ya gari lote na kuimimina kwenye mashimo ya milango. Gari likawa linadondosha matone meusi mpaka ukadhani linatokwa na damu. Na hapo ndipo ilipokuja sehemu niliyoipenda: lilipaswa kukogeshwa vumbi.

Kukogesha gari vumbi ni hivi. Oili peke yake huoshwa na mvua. Lakini ukilipeleka gari lenye oili mbichi kwenye njia ya vumbi, ukalikimbiza, vumbi linajishika kwenye oili tabaka kwa tabaka, linakuwa ngozi ngumu chini ya gari. Kwa hiyo Jumapili baada ya kanisa tulijazana humo ndani, tukapita Isinya, tukafika Kajiado mjini, na mbele kidogo tukaacha lami. Baba alifunga madirisha yote, akasema "Shikeni!", akakanyaga mafuta. Nyuma yetu kulisimama ukuta mwekundu. Mama alishika kitambaa chake cha kichwa kwa mikono miwili na kuomba kwa Kikamba. Baba, mtu mpole ambaye hata mbwa alimwita kwa adabu, alicheka kama kichaa.

Mwisho wa njia hiyo ndiko alikoishi rafiki yake.

Lazima nieleze kuhusu rafiki huyu, maana bila yeye hakuna gari na hakuna kutu. Wazazi wangu walipotoka Ukambani, Baba akiwa amepata kibarua kiwandani, walipanga chumba kimoja Kitengela wakati ambapo ng'ombe walikuwa wengi kuliko nyumba. Mimi nilizaliwa mwaka huo wa kwanza, na maziwa ya Mama yalikataa kutoka. Mfugaji mmoja aliyekuwa akipitisha ng'ombe wake mbele ya chumba chetu alinisikia nikilia siku kadhaa mfululizo. Siku moja alisimama, akauliza huyu mtoto ana nini. Kesho yake alileta maziwa kwenye kibuyu. Wiki iliyofuata alimleta ng'ombe mwenyewe, na ndama wake, akamwambia Baba: huyu ni wako.

Wamaasai wana desturi kwamba mtu akikupa mnyama, hamuitani tena kwa majina. Mnaitana kwa kile kilichopita kati yenu. Aliyempa mwenzake ng'ombe anamwita Pakiteng', na yeye anaitwa Pakiteng' vile vile, hadi kufa. Kwa hiyo hao wawili walikuwa Pakiteng' na Pakiteng'. Nilikuwa mkubwa kabisa, niko sekondari, nilipogundua kwamba sikujua jina la kanisani la mtu yule.

Nilipoacha kulia, ng'ombe wetu alirudi kuishi kwenye kundi la Pakiteng', kwa sababu Baba hakuwa na malisho. Kitengela ikajaa ploti na mageti, Pakiteng' akahamisha kundi lake mbali upande wa Kajiado, na wa kwetu akaenda nalo, akazaa, na wanawe wakazaa. Pakiteng' alikataa malipo yoyote ya kuwachunga. Baba alikuwa mtu wa kuona haya kupokea bila kutoa, na hilo lilimkosesha raha. Kitu kimoja tu Pakiteng' alikikubali: chumvi ya ng'ombe. Basi kila mwezi njia ilipopitika, Baba alinunua gunia la chumvi, akaliweka kwenye buti, kushoto, kwa sababu kulia kulikuwa na tairi la akiba, akalipeleka. Alinunua gari lile, mkono wa pili, kutoka kwa mwalimu mmoja wa Ngong, kwa sababu hiyo. Kazini alikwenda kwa baiskeli.

Miaka ikapita. Macho ya Baba yakamwacha, kidogo kidogo, halafu yote. Yeye na Mama wakahamia kijumba walichojenga nje ya mji wa Kajiado, nami nikabaki Kitengela na kazi yangu ya kushona sare za shule. Gari alinipa mimi. Sharti lake lilikuwa moja: nimpeleke kwa Pakiteng' atakapotaka, na chumvi isikatike.

Kila nilipofika kwao, kabla hata ya chai, Baba alitoka nje akishika ukuta na kulipapasa gari. Alianzia boneti, akapita milango, na mwishowe akafungua buti, akainua zulia, akapitisha kiganja kwenye sakafu ya kushoto. Nilidhani ananikagua kazi. Nilisimama kando nikiwa na hofu ya mtoto wa darasa la tatu.

Miaka miwili iliyopita, mwezi wa pili, alinipigia simu. Ananiita mama, kwa sababu nilirithi jina la mama yake.

"Mama, Pakiteng' ni mgonjwa. Ameacha kutoka nje."

"Nimesikia, Baba. Pole."

"Nataka kufika huko kabla mvua ianze. Ikianza, ile njia haipitiki mpaka mwezi wa saba. Na mwezi wa saba ni mbali kwa mtu kama yeye."

"Nitatafuta gari nzuri, tukodishe."

"Nitaenda na gari yangu," akasema, na akakata simu.

Nikatoka nje, nikafungua buti, nikainua zulia. Niliona majani. Majani ya kwenye ua wangu, yakitikisika kwa upepo, kupitia sakafu ya gari. Kipande cha debe cha mwisho alichokipigilia Baba kilikuwa kimeanguka tangu safari iliyopita, zikabaki riveti tupu. Nilikaa chini pale pale na kulia kwa hasira. Ujana wangu wote nilisugua upande ule! Kila mwaka brashi, kila mwaka msasa, na upande wa kulia, ambao hatukuugusa sana, ulikuwa mzima kama siku ulipotoka kiwandani.

Fundi niliyempelekea, nyuma ya soko la Kitengela, alikuwa na maneno mengi kama redio. Alizunguka gari, akagonga hapa na pale, akasikitika kwa sauti.

"Madam, hii gari imekupenda sana, lakini iache iende. Kuna watu wa vyuma chakavu hapo tu."

"Sikuja kuuza."

"Basi tukate nyuma yote, tuweke body ya gari ingine."

"Sina pesa ya kukata nyuma yote. Nataka sakafu ishike, gari ifike mahali na irudi."

Akanung'unika, akatambaa chini na bisibisi. Alipoanza kukwangua kingo za lile tundu, ikaanza kumwagika kitu cheupe kijivu, kigumu, kilichokuwa kimejishindilia kati ya bati la ndani na la nje. Akasema ni asidi ya betri. Nikamwambia betri iko mbele. Akasema asidi hutembea. Nilichukua punje moja nikaiweka kwenye ulimi.

Huwezi kusahau ladha uliyoilamba utotoni. Ndugu yangu na mimi tulikuwa tukitoboa gunia lile kwa kidole, safari nzima, na kulamba vidole mpaka midomo ikapasuka. Chumvi ya ng'ombe. Ilikuwa imevuja gunia kwa gunia, mwezi kwa mwezi, ikaingia mahali ambapo brashi haifiki, ikakaa humo ikinywa unyevu na kula bati kutoka ndani. Sisi tulikuwa tukipaka rangi nje.

Ilibidi nifanye kwa akili na kwa bei yangu. Fundi nilimpa kazi moja tu, ile nisiyoiweza: achomelee kipande cha bati nzito, alichokikata kutoka boneti ya gari lililokufa. Mengine nikayafanya uani kwangu. Nilimimina maji ya mvua niliyokinga kwenye tangi ndani ya ule uwazi wa kati ya mabati, maana maji ya kisima cha Kitengela yenyewe yana chumvi, nikasuuza mpaka yakatoka bila ladha. Ndiyo, nilikuwa nayaonja. Nikaacha milango wazi jua likaushe. Brashi, msasa, petroli, rangi ya geti mara mbili, lami ukingoni. Oili chafu niliipasha jikoni kwangu mwenyewe, na moshi ulipojaa nyumba nilimsikia Mama akigomba kichwani mwangu, nikacheka peke yangu.

Nilifika Kajiado nikiwa na maneno yangu tayari.

"Baba, unajua nini kilichokula gari yako?"

"Chumvi," akasema.

Alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha kamba, kofia magotini, ametulia.

"Ulijua?"

"Mwalimu aliyeniuzia aliniambia, mwaka wa kwanza. Alikuja kunisalimia, akaona gunia, akasema hiyo itakumalizia gari."

"Na ukatuacha tusugue miaka yote hiyo!"

"Sasa ningefanya nini, mama? Niache kupeleka?"

"Ungeweka nailoni chini!"

"Niliweka. Muulize mama yako iko wapi."

Mama, aliyekuwa akichambua maharagwe mlangoni, hakuinua kichwa. "Kuku walikuwa wananyeshewa," akasema.

Nilitaka kukasirika lakini kicheko kilinishinda. Tulicheka wote watatu mpaka Baba akafuta macho yake yasiyoona. Hata hivyo nilisimama kwenye neno langu. Gunia tulilonunua mjini Kajiado nililikalisha juu ya nailoni nene iliyokunjwa mara nne, na nikamwonya Mama asiitazame.

Njia ilikuwa kavu. Tulipoacha lami, Baba alipapasa mlango akatafuta mpini wa dirisha, akahakikisha limefungwa.

"Shika, mama yake," akamwambia Mama.

Nikakanyaga. Ukuta mwekundu ukasimama nyuma yetu. Kwenye kioo nilimwona Mama ameshika kitambaa kwa mikono miwili, midomo ikicheza, na kando yangu Baba alikuwa anacheka kicheko kile kile. Sijui kama nimewahi kuwa na furaha ya namna hiyo tangu nikue. Nilipangusa macho, nikasingizia vumbi.

Wanawe walikuwa wamemtoa Pakiteng' nje kwa ajili yetu, wakamweka kivulini mwa nyumba, shuka mbili mabegani. Alikuwa amebaki mifupa. Mimi, mama mzima mwenye mvi, nilimwendea nikainamisha kichwa kama tunavyofanya tangu utoto, naye akanigusa utosini kwa kiganja chake chepesi.

"Supa," akasema.

"Ipa."

Kisha nikamwongoza Baba. Hawakusalimiana kwa maneno mengi. "Pakiteng'," mmoja akasema. "Pakiteng'," akajibu mwingine. Wakashikana mikono na hawakuiachia tena. Walizungumza mchana kutwa juu ya ng'ombe: nani alizaa nani, yupi alikufa ukame upi, yupi ana maziwa. Baba alitaka kuhesabiwa wajukuu wa ng'ombe wetu kwa rangi, na mzee akawataja wote bila kukosea.

Tulipoinuka kuondoka, mzee alimwita mwanawe mkubwa, akanena kitu kwa Kimaa. Yule akarudi akiburuta kondoo jike mnene. Mzee akanielekezea kidole.

"Wewe ndiye unaleta chumvi sasa," akaniambia kwa Kiswahili chake cha pole pole. "Huyu ni wako. Mimi na wewe, tutaitana Paker."

Paker ni wale waliopeana kondoo. Nilisema tu, "Asante, Paker," na sauti ikatoka ya mtoto. Tukampakia kondoo kwenye buti, na hatujafika hata barabarani, akakojoa kwenye sakafu yangu mpya. Nilipiga kelele. Baba alicheka mpaka akakohoa.

Mvua ilianza wiki iliyofuata. Pakiteng' alifariki ndani ya mvua hiyo, njia ikiwa imefungwa, na hatukuweza kufika kumzika. Baba hakulia mbele yetu. Alisema, "Tulionana," na akaingia chumbani.

Tangu hapo yeye haendi tena, mgongo unakataa ile njia. Naenda mimi, kila mwezi, napeleka chumvi kwa watoto wa mzee. Lakini nilikuwa nimejifunza. Nilinunua pipa la plastiki lenye kifuniko cha kukaza. Dukani namwambia kijana wa duka amimine gunia lote humo, nalisafirisha likiwa limefungwa, na nikirudi naliosha. Mvua ikaja na kupita, na nyingine tena, na kwenye sakafu ya kushoto hakukutokea hata kipele. Nilijivuna. Fundi wa nyuma ya soko nilimpitishia gari makusudi aone.

Mwaka huu, baada ya Krismasi, nilifika kwa wazazi kama kawaida. Baba alitoka akishika ukuta. Boneti, milango, buti. Akainua zulia, akapitisha kiganja. Akakipitisha tena, pole pole, mpaka pembeni kabisa. Nilikuwa nangoja sifa.

"Ni laini," akasema.

"Laini kabisa, Baba."

Akashusha zulia, akalinyoosha vizuri kwa vidole.

"Mama, kama mmeacha kupeleka, niambie tu. Sitakasirika. Watu wamekufa, mambo yanaisha."

Nilimweleza habari ya pipa. Nilimletea pipa lenyewe akalishika, lakini nilikuwa nimeliosha, lilikuwa safi na kavu kama la dukani. Nilimpigia simu mtoto wa mzee, Baba akaongea naye, akamshukuru kwa upole mwingi. Kisha akanirudishia simu na kusema, "Sawa, mama," kwa sauti ambayo watu huwapa wale wanaowadanganya kwa nia njema. Usiku ule hakula vizuri.

Asubuhi nilikwenda dukani, nikanunua gunia, na kijana alipoliendea pipa garini nikamwambia aliache. Nililiweka gunia buti, kushoto, juu ya bati. Pembeni nililitoboa kidogo kwa kidole.

Nimefanya hivyo kila mwezi tangu hapo. Jumamosi iliyopita mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya upande wa Ngong. Baba alipapasa gari kama kawaida, na alipofika chini ya zulia, kidole chake kilisimama. Akakirudisha nyuma, akabonyeza, na nikasikia rangi ikipasuka.

"Imerudi," akasema.

Akabaki ameinama pale, mkono wake juu ya kutu, uso wote ukiwa umefunguka. Halafu akauliza brashi ya waya iko wapi.